Mpangaji anapopangisha: matata ya nyumba kati ya watu watatu

Juma hili tunazungumza juu ya jambo lisilo na bunduki, lakini limevunja ujirani katika avenyu nyingi za miji yetu. Mpangaji anachukua nyumba kwa mwenye nyumba, kisha yeye mwenyewe anaipangisha kwa mtu mwingine. Mara nyingi huyo wa tatu ni familia iliyokimbia vita. Siku mambo yanapoharibika, wote watatu wanapiga kelele, na ukiwasikiliza vizuri utakuta karibu wote wanasema kweli.

Tuchukue mfano. Tunauweka Goma, mwaka 2023. Ninyi mnaokaa Beni, Butembo, Bunia au Bukavu mtautambua pia. Baada ya mji wa Rutshuru na Kiwanja kuingia mikononi mwa M23 mwezi wa kumi mwaka 2022, familia nyingi zilishuka kuelekea Goma. Wengine walijenga vibanda vya shitingi Kanyaruchinya, wengine walipokelewa na ndugu. Tuseme baba mmoja alikaa kambini miezi mingi na mke na watoto 5. Akauza pikipiki yake, akatafuta nyumba ya kupanga.

Komisionere akampeleka kwenye nyumba ya mbao yenye vyumba 3, bei dola 50 kwa mwezi. Mtu aliyemwonyesha nyumba hakuwa mwenye nyumba. Alikuwa mpangaji aliyetaka kuhama mji. Mwisho wa mwezi wa sita alikuwa amemwambia mwenye nyumba: mimi naondoka, nitakula garanti yangu ya miezi 3, yaani mwezi wa saba, wa nane na wa tisa. Mwenye nyumba akakubali. Lakini yule mpangaji alikaa mwezi wa saba tu. Mwisho wa mwezi huo akamwingiza yule baba, akapokea dola 150 kwa miezi 3, komisionere akachukua chake, na yeye akapanda gari.

Sasa hesabuni pamoja nami. Yule baba amelipa mwezi wa nane, wa tisa na wa kumi. Garanti ya nyumba inaisha mwezi wa tisa. Tarehe 1 mwezi wa kumi, mwenye nyumba anafika na mpangaji mpya, amebeba na kadena mkononi. Anakuta watoto wasiowajua wanaanika nguo. «Ninyi ni nani?» «Sisi ndio wapangaji, tumelipa hadi mwisho wa mwezi.» «Mmelipa nani?» Hapo ndipo moto unawaka, na chanzo chake ni dola 50 za mwezi mmoja.

Kama ingebaki dola 50, tusingekuwa na haja ya kutoa mazungumzo ya amani juu yake. Lakini majirani wanakusanyika. Mmoja anasema: hawa wanaotoka kule wamezoea kuchukua vya watu. Mwingine anajibu: na ninyi wenye mji mnatufanya biashara. Kabla ya saa sita mchana hakuna anayekumbuka tena yule mpangaji aliyekula pesa mara mbili. Watu wanagombana juu ya kabila na mahali pa kuzaliwa, na aliyeleta matata hayupo hata kwenye parsele.

Kwanza tueleze kwa nini mambo yanakuwa hivi. Mpangaji hana nyumba. Ana kitu kimoja tu: haki ya kukaa ndani kwa muda fulani, kwa bei fulani. Akimpangishia mwingine, hawezi kumpa zaidi ya kile alicho nacho. Kama amebakiwa na miezi 2, hawezi kuuza miezi 3. Kama mapatano yake na mwenye nyumba yanakufa, basi na mapatano aliyoyafanya chini yake yanakosa mahali pa kushika, kama tawi linaloanguka na mti wake. Kwa hiyo wewe unayepewa nyumba na mpangaji, swali lako lisiwe bei tu. Uliza: wewe una muda gani umebaki, na nani anajua?

Tena kuna njia ya pesa. Wewe unampa mpangaji, mpangaji anampa mwenye nyumba. Akizuia njiani, mwenye nyumba anahesabu deni na wewe unahesabu risiti. Watu wengi waliohamishwa na vita wamelipa mwezi mmoja mara mbili kwa sababu hiyo.

Lakini tusimfanye mwenye nyumba kuwa adui. Wengi wao si matajiri. Ni mjane mwenye nyumba mbili za mbao kwenye parsele moja, anakaa katika moja na kula kodi ya nyingine. Anaogopa nini? Anaogopa choo. Kule Goma kuchimba shimo katika mawe ya volkano ni kazi ya siku nyingi na pesa nyingi, na choo kilichochimbwa kwa ajili ya watu 6 kinajaa upesi wakiingia 15. Anaogopa mbabula katika chumba cha mbao. Anaogopa pia kuulizwa na viongozi: hawa watu kwako ni nani? naye hana jina hata moja la kutoa. Hofu hizo zina msingi. Tatizo ni kwamba yeye hujua mambo ya mwisho, wakati angepaswa kujua ya kwanza.

Hapa kuna jambo moja linalosumbua zaidi kuliko sheria, nalo ni ukarimu wetu. Baada ya volkano ya Nyiragongo ya tarehe 22 Mei 2021, iliyoteketeza maelfu ya nyumba, watu walipokea watu. Hakuna aliyemwuliza mwenye nyumba ruhusa ya kumlaza dada yake. Ni vizuri, na isiwe vinginevyo. Mgeni si mpangaji. Lakini mgeni akikaa mwezi wa pili anaona aibu, anaanza kuchangia makala na bidoni za maji. Mwezi wa nne anatoa dola 10 «za kusaidia kodi». Mwezi wa sita mwenyeji anamkumbusha dola 10 hizo. Je, huyu bado ni mgeni? Mimi nasema: siku pesa inapokuwa na kiasi kinachojulikana na tarehe inayojulikana, ugeni umekwisha, hata kama mama zenu ni mmoja. Semeni hivyo waziwazi, mkiwa mmeketi. Wengi hawapendi kusema, wanaona ni kumfukuza ndugu. Kumbe kutosema ndiko kunakozaa maneno ya «nilikulisha» na «nilikulipia».

Sasa karatasi. Dekreti ya tarehe 30 Julai 1888 juu ya mikataba, ambayo ndiyo kitabu chetu cha mapatano tangu zamani, inasema katika kifungu cha 33 kwamba mapatano yaliyofanywa kwa kufuata sheria yanachukua nafasi ya sheria kwa wale walioyafanya. Hiyo ina maana kwamba maneno mnayoyaandika ninyi watatu yana nguvu. Hayahitaji Kifaransa. Andikeni hivi: «Mimi mwenye nyumba nakubali kwamba mpangaji wangu amweke huyu katika vyumba 2 vya nyumba yangu, kuanzia tarehe fulani hadi tarehe fulani, kwa dola 30 kila mwezi, anazilipa kwa fulani.» Ongezeni idadi ya watu watakaolala, nani anashika garanti, na choo kitatolewaje kikijaa. Watatu watie saini au kidole, na shahidi mmoja: mkubwa wa nyumba kumi au shefu wa avenyu. Kila mmoja abaki na nakala yake. Asiyejua kusoma asomewe na mtu aliyemchagua yeye, si komisionere.

Ukiweza, omba kodi yako iende moja kwa moja kwa mwenye nyumba, na risiti iwe na jina lako. Wapangaji wengine watakataa, kwa kuwa wanatia faida juu. Amekodi nyumba nzima dola 50, anapangisha vyumba 2 kwa dola 45. Si kila faida ni wizi, kama amelipa garanti na kutengeneza mlango. Lakini yule anayeficha bei mbele ya mwenye nyumba, ujue ana sababu.

Kuhusu garanti: sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 juu ya mikataba ya kupanga inaweka mpaka wa miezi 3 kwa nyumba ya kukaa. Tunajua kwamba mitaani watu huombwa miezi 6 na zaidi. Sheria hiyo pia inataka matata ya kupanga yapitie kwanza kwenye upatanisho, katika ofisi ya Habita, kabla ya kufika tribunali ya amani. Mahali ambapo vita vimefunga ofisi, wazee wa mtaa wanaweza kufanya upatanisho, lakini hawana mamlaka ya kutoa hukumu ya kumtoa mtu.

Hilo nalirudia kwa ajili ya viongozi wanaotusikia. Kuezua bati wakati watu wamo ndani, kung'oa mlango, kutupa masufuria njiani, kutuma vijana usiku: hakuna kodi isiyolipwa inayohalalisha hayo. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 29, inalinda makao ya mtu yasivamiwe. Kumtoa mtu kwa nguvu kunahitaji uamuzi wa tribunali.

Mzee wa mtaa akiitwa kwenye parsele ya mfano wetu, aanze na maswali haya: pesa alipewa nani, siku gani, nani aliona? Asianze na «mnatoka wapi?» Swali hilo ndilo linalowapa majirani kazi. Awatume watu warudi nyumbani kwao, abaki na wale wanaohusika. Halafu ampigie simu yule aliyeondoka, kwa maana namba yake iko kwa komisionere au kwa shemeji yake. Mwenye deni ni yeye. Kama hapatikani, hasara ya dola 50 inaweza kugawanywa. Komisionere, aliyepokea malipo kwa nyumba asiyoichunguza, arudishe sehemu. Familia ibaki ndani mwezi huo na itoe kiasi, mwenye nyumba avumilie kilichobaki, na mpangaji mpya apewe tarehe iliyoandikwa. Hakuna atakayefurahi sana. Mwenye nyumba hasa atasema: kwa nini mimi nilipe kosa la mwingine? Ana haki kuuliza, na asilazimishwe. Lakini ahesabu pia siku za kwenda na kurudi kwenye ofisi, na nyumba iliyofungwa bila kodi.

Msikilizaji mmoja ametuuliza: mimi tayari nakaa katika nyumba niliyopewa na mpangaji, hakuna karatasi, na mwenye nyumba hanijui, nifanye nini? Mama, usingoje akukute. Mwambie kwanza huyo mpangaji wako kwamba unataka kumsalimu mwenye nyumba, nendeni wote wawili, mchana, na mtu mzima mmoja wa avenyu. Jitambulishe kwa jina, sema mko wangapi, sema umelipa hadi lini. Atakasirika kidogo, pengine sana. Mwache amalize. Kisha omba mwandike tarehe, hata kama ni ya kukupa mwezi mmoja tu wa kutafuta pengine. Na ukienda, beba risiti zako zote, hata zile zilizoandikwa kwenye karatasi iliyochanwa katika daftari la mtoto.