Kindu: Pesa za simu hupita ndani ya programu, lakini nani anazisoma?

Mjini Kindu, mama muuza samaki aliyevuka mto na mtumbwi kutoka Alunguli halazimiki tena kurudi nyumbani na bunda la franka ndani ya kitambaa. Anapita kwenye kabini, anatoa nambari yake ya simu, anaweka pesa, na punde ujumbe unaingia. Katika jimbo ambamo barabara ni mbovu na anayetaka kufika Kinshasa kwa haraka hutafuta ndege, Airtel Money, M-Pesa na Orange Money zimechukua nafasi ya benki kwa watu wengi ambao hawajawahi kuingia benki.

Kitu ambacho mama huyo haoni ni maandishi. Nyuma ya ujumbe ule kuna maelfu ya mistari iliyoandikwa na watu kwa lugha za komputa. Mafundi huyaita maandishi hayo kodi, na si kodi ile ambayo watu wa DGI hupita kuidai dukani. Mstari mmoja ukiandikwa vibaya, mwizi anaweza kuingia bila kuvunja mlango, wala mlinzi hatasikia kitu.

Kuna njia ya kukamata makosa mengi ya aina hiyo kabla mwizi hajayaona. Ni kutumia programu moja kusoma nyingine, mstari kwa mstari, bila kuiwasha. Wataalamu huiita uchambuzi tuli. Si jambo jipya: mwaka 1978, katika maabara ya Bell huko Marekani, Stephen Johnson alitengeneza programu iliyoitwa lint, iliyopitia kazi za waandishi wa lugha ya C na kuwaonyesha sehemu zenye mashaka. Zana za leo ni wajukuu zake, ila zinatafuta pia milango ya wezi.

Jambo hili linagusa pesa za simu moja kwa moja. Mwaka 2015, watafiti wa Chuo Kikuu cha Florida walikusanya programu 46 za simu za Android zinazotumiwa kutuma na kupokea pesa nje ya Marekani. Walizipitisha kwanza kwenye zana inayozisoma bila kuziwasha, kisha wakachukua 7 na kuzifungua kwa mkono, kipande kwa kipande. Hizo 7 zilitoka Brazil, India, Indonesia, Thailand na Ufilipino.

Walichokuta hakikuwa kidogo. Simu inapoongea na komputa ya kampuni, inapaswa kwanza kuhakikisha kwamba kweli inaongea na kampuni, si na mtu aliyekaa katikati. Baadhi ya programu ziliuliza swali hilo na kukubali jibu lolote. Ni kama mlinzi wa biro anayekuuliza kitambulisho, unamwonyesha karatasi ya sukari, anakufungulia. Nyingine zilificha ujumbe kwa njia ambayo waandishi wake walijitungia wenyewe, jambo ambalo karibu kila mwalimu wa fani hii hukataza. Mtu mbaya angeweza kujifanya mteja, kubadilisha malipo yakiwa njiani, au kusoma hesabu za watu.

Zana waliyotumia mwanzoni ilitoka Ujerumani. Wenye kuitengeneza waliijaribu mwaka 2012 juu ya programu 13 500 za bure za Android, nayo ikanyoosha kidole kwa 1 074. Kati ya hizo walichagua 100 na kuzikagua kwa mkono; 41 walifaulu kuzishambulia kweli. Hesabu hiyo inafaa kukumbukwa na kila bosi anayedhani kwamba akinunua zana, kazi imekwisha. Zana huonyesha pa kuangalia, na kuangalia kwenyewe kunabaki kazi ya mtu.

Lakini Kindu haina pesa za simu tu. Farmasi, depo za bia, shule zinazopokea malipo ya wazazi, vyama vya akiba na mikopo: kila mwaka wengine kati yao huacha daftari na kuweka stoki na madeni ndani ya komputa. Mara nyingi programu haikununuliwa Ulaya. Imeandikwa na kijana aliyesoma informatiki, kwa bei ya makubaliano, tena kwa haraka, kwa sababu mwenye duka anataka kuanza Jumatatu. Hakuna ubaya. Ila hapo ndipo kosa moja la zamani hupenda kukaa.

Tuseme programu ya farmasi ina nafasi ya kutafuta mteja kwa jina. Mtu mwaminifu anaandika Amisi. Mwizi anaandika alama ya nukuu, kisha anafuatisha amri fupi. Kama fundi aliunganisha maneno hayo moja kwa moja na swali linalopelekwa kwenye hifadhi ya data, komputa haitofautishi jina na amri. Inatii. Inaweza kutoa orodha nzima ya wateja, au kufuta deni la mtu. Kosa hili lilielezwa hadharani tangu mwaka 1998, dawa yake inajulikana na haigharimu kitu, lakini bado linaandikwa upya kila siku duniani.

Uchambuzi tuli hulikamata kwa kufuata njia. Ni kama mtu anayesimama kwenye kivuko, anatia chokaa kila gunia linaloshuka mtumbwini, kisha analifuata katika kila kona hadi depo. Swali lake ni moja: je, gunia hili liliwahi kufunguliwa na kukaguliwa kabla ya kuingia? Kwenye programu, gunia ni neno lolote lililoandikwa na mgeni, na depo ni hifadhi ya data. Likikutwa limeingia bila kukaguliwa, zana inaandika nambari ya mstari. Kwa njia nyepesi zaidi hukamata pia neno la siri lililoandikwa wazi ndani ya kodi, ambalo kila aliyepata nakala ya programu anaweza kulisoma.

Kwa fundi wa Kindu, zana hizo haziko mbali. Anayeandika kwa lugha ya PHP anaweza kutumia Psalm, iliyoanzia katika kampuni ya Vimeo. Anayeandika kwa Python ana Bandit. Zote ni za bure. Zikishapakuliwa mara moja hufanya kazi kwenye komputa ya kawaida bila intaneti, na katika mji wenye shida ya umeme na wa kununua megabaiti kwa hesabu, hilo si jambo dogo. Kinachokosekana ni mteja anayeomba. Mwenye duka huuliza kama programu inatoa fakture. Mara chache huuliza kama kuna aliyeisoma.

Zana hizi zina upofu wake pia. Mwezi wa 4 mwaka 2014, dunia iligundua kosa lililoitwa Heartbleed ndani ya OpenSSL, programu inayolinda mawasiliano ya sehemu kubwa ya intaneti. Zana mashuhuri za uchambuzi zilikuwa hazikulikamata. Vilevile zana haijui sheria za biashara: kama programu inaruhusu mfanyakazi mmoja kuandika malipo na kuyaidhinisha mwenyewe, kodi inaweza kuwa safi kabisa na pesa zikatoka. Na kwa mama wa kabini anayetumia simu ndogo ya vitufe na kubonyeza nyota na reli, kukagua programu za Android hakumsaidii chochote. Kwake yeye, kodi ya kusomwa ni ile iliyo kwenye komputa za kampuni ya simu, na zile za makampuni yanayounganisha simu na benki.

Sehemu hiyo ya katikati si ya kudharau. Mwezi wa 10 mwaka 2020, nchini Uganda, wezi waliingia kwenye mfumo wa Pegasus Technologies, kampuni inayopitisha malipo kati ya mitandao ya simu na mabenki. Benki ya Stanbic, MTN na Airtel zilitangaza pamoja kusimamishwa kwa huduma za kutuma pesa kati ya benki na simu. Wateja hawakuwa na njia ya kujua kwamba pesa zao zilikuwa zikipita huko.

Kinshasa imeanza kuweka sheria. Sheria ya mambo ya dijitali ya tarehe 13 mwezi wa 3 mwaka 2023 inagusa data za watu na usalama wa mifumo, na inaadhibu anayeingia kwenye mfumo wa mwingine bila ruhusa. Hiyo ni habari njema kwa aliyeibiwa, iwapo mwizi atapatikana. Inamhusu pia fundi: kuchambua kodi aliyoandika mwenyewe ni kazi yake, lakini kujaribu milango ya mfumo wa kampuni bila kibali kunaweza kumfikisha mahakamani, hata kama nia ilikuwa kusaidia.

Watafiti wa Florida walisoma kitu kingine ambacho wateja wachache husoma: masharti ya matumizi. Waliona kwamba hasara inayotokana na kasoro hizo huwekwa juu ya mabega ya mteja, ambaye hakuandika hata mstari mmoja. Takriban mwaka mmoja baada ya uchunguzi wa kwanza walirudi kuzikagua programu zilezile, na walikuta usalama wake umeboreka kidogo tu.