Chuchu Iliyozama Ndani: Usikimbilie Kisu

Ndugu msomaji, leo tuzungumzie jambo ambalo akina mama wa Masumbwe na Mbogwe yote hulinong'ona kwa aibu: chuchu iliyozama ndani ya titi. Binti anaolewa akijiona ana kasoro. Akijifungua, mtoto anahangaika kushika ziwa, na kabla ya arobaini mama mkwe ameshaagiza maziwa ya kopo. Sasa wapo wanaouliza kama dawa ni upasuaji wa kurekebisha chuchu.

Upasuaji huo upo. Daktari hupiga ganzi, hupasua kidogo kwenye shina la chuchu, huachanisha nyuzi zinazoivuta ndani, kisha hushona ili isimame. Shida ni kwamba nyuzi hizo zimechanganyika na mirija ya maziwa. Kwa chuchu iliyozama sana, mara nyingi mirija hiyo hukatwa, na titi hilo huenda lisinyonyeshe tena. Zipo njia zinazohifadhi mirija, lakini chuchu inaweza kurudi ndani. Dada anayetaka watoto amwulize daktari waziwazi: je, nitanyonyesha?

Wengine husema kila upasuaji wa aina hii ni kubadilisha maumbile ya Allah. Wanavyuoni hutofautisha kutibu kasoro na kutafuta urembo tu. Hutaja kisa cha sahaba Arfaja bin As'ad, aliyepoteza pua vitani zama za Jahiliya. Aliweka pua ya fedha ikanuka, Mtume (S.A.W.) akamwamuru aweke ya dhahabu, ingawa dhahabu ni haramu kwa wanaume. Sisi wa ukanda wa dhahabu kisa hiki kinatuhusu! Lakini chuchu isiyouma wala kumzuia mtoto haijafikia hali ya Arfaja. Msikie daktari kwanza, kisha muulize sheikh.

Na nyingi hazihitaji kisu kabisa. Mtoto hanyonyi chuchu, hunyonya titi. Akifungua mdomo wazi na kushika sehemu kubwa ya lile duara jeusi, chuchu nayo huvutika. Mwombe mkunga akusaidie kumweka vizuri mara tu baada ya kujifungua, maana matiti yakishajaa na kuwa magumu kazi huwa kubwa zaidi. Ikishindikana, nunua bomba jipya la sindano la mililita 20, lisilo na sindano. Kata ile ncha ya mbele, ingiza kijiti cha kusukumia kupitia upande uliokatwa, kisha weka ule upande laini juu ya chuchu na vuta taratibu. Shikilia nusu dakika hadi dakika moja, kisha mnyonyeshe. Ukisikia maumivu, legeza. Fanya hivyo mara kadhaa kwa siku, na muuguzi akuoneshe mara ya kwanza. Wakati mtoto anajifunza, kamua maziwa umnyweshe kwa kikombe safi. Chupa ya chuchu ya mpira humchanganya.

Neno kuhusu duara lenyewe. Kuzidi weusi wakati wa mimba ni kawaida, si uchafu, na vile vipele vidogo ni tezi za mafuta yanayolainisha ngozi. Usivikamue wala kuvisugua kwa sabuni kali. Mkorogo usipake kabisa! Baadhi ya krimu hizo zina zebaki, ile ile wachimbaji wanayokamatia dhahabu, na mtoto ataiweka mdomoni.

Yote haya ni kwa chuchu uliyozaliwa nayo. Iliyokuwa nje miaka yote ikaanza kuzama, hasa upande mmoja, ni habari nyingine. Vivyo hivyo uvimbe, damu inayotoka kwenye chuchu, kidonda kisichopona, au ngozi kuwa kama ganda la chungwa. Hizo zinaweza kuwa dalili za saratani. Nenda kituo cha afya wiki hiyo hiyo, omba muuguzi wa kike kama unaona haya, na ukiandikiwa rufaa ya Bugando, Mwanza, usiiweke kabatini.