Sheria Haitoi Figo

Mjadala wa upungufu wa viungo vya kupandikiza unapoanza katika nchi yoyote, pendekezo la kwanza huwa ni sheria: kila raia ahesabiwe kuwa amekubali kutoa viungo vyake akifa, isipokuwa yule aliyejiandikisha kukataa. Hispania ndiyo hutolewa mfano, kwa kuwa imeongoza dunia kwa miaka mingi kwa idadi ya watoaji waliofariki, na sheria ya namna hiyo inayo tangu 1979. Lakini wanaoutaja mfano huo huiruka miaka 10 iliyofuata. Kufikia 1989 Hispania ilikuwa ikipata watoaji 14 hivi kwa kila watu milioni moja, na hakuna aliyekwenda kujifunza kwao. Mwaka huo ndipo lilipoundwa Shirika la Taifa la Upandikizaji chini ya daktari wa figo Rafael Matesanz, na baadaye hesabu ikapanda hadi kupita 40. Msingi wa sheria ulibaki uleule. Kilichobadilika ni kazi inayofanyika hospitalini, na mpaka leo familia za huko huombwa ridhaa kabla mwili haujaguswa.

Sababu iko katika mwili wenyewe. Moyo ukisimama, figo, ini na mapafu hukosa oksijeni na kuanza kuharibika ndani ya dakika chache. Ndiyo maana mtoaji wa viungo hivi kwa kawaida ni mtu ambaye ubongo wake umekufa kwa kiharusi au ajali akiwa tayari kwenye mashine ya kupumulia, na moyo wake bado unasukuma damu. Wafu wa aina hii ni wachache: Uingereza, ni mtu 1 hivi kati ya 100 wanaofariki anayefia katika hali inayoruhusu kutoa viungo. Huyo mmoja lazima atambuliwe mapema. Madaktari humulika mboni za macho, humchokoza koo waone kama atakohoa, kisha humtenga na mashine kwa dakika kadhaa huku akipewa oksijeni, ili ijulikane kama hewa ukaa inayojaa katika damu itamfanya avute pumzi. Akithibitika amekufa, presha yake itunzwe, kundi la damu na tishu zilinganishwe na za wanaosubiri, familia ikaliwe nayo chini, na timu ya upasuaji iitwe. Moyo uliotolewa una saa 4 hivi tu. Figo iliyowekwa kwenye baridi huvumilia siku nzima, hata zaidi. Pasipo mtu mwenye jukumu la kuanzisha yote haya, saa nane za usiku hakuna atakayeyaanzisha. Hispania ilimweka mtu huyo ndani ya kila hospitali husika: mratibu, mara nyingi daktari wa wagonjwa mahututi, aliyefundishwa pia namna ya kuzungumza na wafiwa.

Brazili ilijaribu njia ya mkato. Sheria ya 1997 ilimfanya kila mtu mzima kuwa mtoaji asipokataa kwa maandishi. Watu wakahofu, madaktari wenyewe wakaipinga, na kipengele hicho kikafutwa mwaka uliofuata. Uingereza, kinyume chake, mwaka 2008 ilishauriwa na jopo lake la wataalamu isibadilishe sheria bali iajiri wauguzi maalumu wa kazi hii. Miaka 5 baadaye watoaji waliofariki walikuwa wameongezeka kwa nusu. Sheria ya kuhesabu ridhaa ilikuja Wales mwaka 2015 na England mwaka 2020, yaani juu ya msingi uliokwisha kujengwa.

Je, sheria haina kazi? Inayo, tena kubwa, ila si ya kukusanya viungo. Kazi yake ni kujibu hofu ambayo si ya kijinga hata kidogo, kwamba daktari atamkatia tamaa mgonjwa kwa kutamani figo zake. Hispania inadai madaktari watatu wathibitishe kifo cha ubongo, na hata mmoja wao asiwe katika timu ya kupandikiza. Sheria hiyohiyo ndiyo huzuia kuuza. Kuhusu dini, Jopo la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lililoketi Jeddah mwaka 1988 liliruhusu kupandikiza viungo vya maiti kwa ridhaa yake ya awali au ya warithi wake, na likaharamisha biashara. Naye Papa Yohane Paulo wa Pili alikusifu kutoa viungo kuwa tendo la upendo. Wapo wanazuoni wanaopinga hoja ya kifo cha ubongo, na wana haki ya kusikilizwa, lakini haitakuwa sahihi kusema kwamba dini zimefunga mlango.

Pingamizi zito zaidi ni la vitanda. Tanzania, ambako Muhimbili ilianza kupandikiza figo mwaka 2017, hutegemea ndugu walio hai, na mashine za kupumulia hazitoshi hata kwa wanaoweza kupona. Nakubali. Ndiyo maana ningeanza na konea, kile kioo chembamba cha mbele ya jicho, ambacho daktari Eduard Zirm alikipandikiza kwa mafanikio tangu 1905. Haina mishipa ya damu, kwa hiyo mwili huikataa kwa nadra na mara nyingi hakuna haja ya kulinganisha tishu. Huchukuliwa saa kadhaa baada ya moyo kusimama, bila mashine yoyote, na huhifadhiwa kwa siku nyingi. Mzee aliyevaa miwani maisha yake yote anaweza kuitoa. Na anayehofia kumzika baba yake bila macho aelezwe kwamba inaweza kutolewa konea peke yake, jicho likabaki mahali pake. Maelezo hayo yanahitaji muuguzi mmoja aliyefunzwa, aliye zamu, mwenye simu ya wodi zote.