Protini Zinazojenga Sikio la Ndani

Katika somo lililopita ulijifunza kwamba mawimbi ya sauti hutikisa ngoma ya sikio. Vifupa vitatu, yaani nyundo, fuawe na kikuku, huupeleka mtikisiko huo kwenye sikio la ndani. Sasa tutaona jinsi sikio la ndani lilivyojengwa.

Unajua kwamba protini hujenga misuli, nywele na kucha. Protini hujenga pia sehemu laini za koklea. Koklea ni mrija wenye majimaji, uliojizungusha kama nyumba ya konokono. Kama ungenyooshwa, urefu wake ungekuwa milimita 35 hivi.

Ndani ya mrija huo umetandazwa utando wenye nyuzi imara za protini iitwayo kolajeni. Karibu na kikuku utando huo ni mwembamba na mkakamavu. Kwenye ncha ya koklea ni mpana na mlegevu.

Jaribio: Bana rula kwenye ukingo wa meza, sehemu fupi itokeze nje. Ipige kwa kidole. Rudia ukiacha sehemu ndefu. Utasikia kwamba sehemu fupi hutoa sauti nyembamba, na sehemu ndefu hutoa sauti nzito. Vivyo hivyo, sauti nyembamba huutikisa zaidi utando karibu na kikuku, na sauti nzito huutikisa zaidi kwenye ncha.

Juu ya utando zimepangwa seli za kusikia zipatazo 15,000. Kila seli ina vinywele vilivyojaa nyuzi za protini iitwayo aktini, ambazo huvifanya visimame wima. Utando ukitikisika, vinywele hupinda, na seli hupeleka habari kwenye ubongo kwa njia ya neva.

Nyasi zikilazwa na upepo mdogo huinuka tena. Zikikanyagwa na kundi la ng'ombe huvunjika. Kelele kubwa huviharibu vinywele namna hiyohiyo. Lakini nyasi huchipua tena mvua inyeshapo. Seli za kusikia za mwanadamu zikifa, hazioti nyingine. Kwa hiyo, usisimame karibu na vipaza sauti, wala usimpigie mwenzako kelele sikioni. Afanyaye kazi kwenye mashine yenye kelele nyingi hana budi kukinga masikio yake.

Maswali
1. Kolajeni na aktini hufanya kazi gani katika koklea?
2. Kwa nini mtu aliyepoteza seli za kusikia hawezi kuzipata tena?