Ua Jekundu Linalotangulia Majani Yake

Mvua za kwanza zikishanyesha Dodoma, Novemba au Desemba, chini ya vichaka ambavyo bado havijachipua huchomoza bua moja lisilo na jani, kileleni likiwa na tufe jekundu lenye upana wa sentimita 10 hadi 20. Kitaalamu ua hili huitwa Scadoxus multiflorus. Wengi hulitambua kwa rangi tu, na hapo ndipo wanapokosea. Mimi nashauri uanze kwa kuangalia ardhi.

Uwanda wa kati wa Tanzania uko kwenye mwinuko wa mita 1,100 hivi na una msimu mmoja tu wa mvua, ambayo kwa miaka mingi haifiki milimita 600. Ua hili mara nyingi huepuka jua kali la mahali peupe na maji yaliyotuama. Litafute kwenye kivuli chenye udongo unaopitisha maji: chini ya majabali, kingo za makorongo, kwenye miombo ya Kondoa, na hasa pembeni mwa vichuguu. Mchwa hupandisha udongo laini wenye rutuba kutoka chini, vichaka vikaota juu yake, na tunguu la ua hili, lililo chini ya ardhi, likapata makazi.

Ukikuta tufe la waridi katikati ya mbuga ya udongo mweusi, basi shuku. Huenda ni Ammocharis tinneana, ambalo majani yake hulala chini na ncha zake zimekatika kana kwamba zimeliwa na mbuzi. Hazikuliwa. Jani la mwaka jana lilikauka ncha wakati wa kiangazi, na mvua iliporudi likaendelea kukua kutokea kwenye kitako chake.

Sasa inama ulitazame tufe lenyewe. Si ua moja. Ni maua madogo yanayoweza kufika 200, kila moja na petali 6 nyembamba na stameni 6 zenye vichwa vya njano. Teremsha macho hadi chini ya bua: mara nyingi utaona madoadoa mekundu au ya zambarau. Alama hiyo iweke akilini, kwa sababu majani yakija baadaye, makonyo yao hukumbatiana na kuwa shina la bandia ambalo nalo huwa na madoa. Apitaye Februari huona majani mapana ya kijani tu, asijue kwamba ndio mmea ule ule.

Ukoo wake ndio huo huo ambamo wanabotania wa leo wamekiweka kitunguu maji, lakini tunguu hili haliliwi. Lina sumu, ikiwemo laikorini, inayoleta kutapika na kuhara. Katika baadhi ya jamii za Afrika lilitumika kutilia sumu mishale na kuvulia samaki. Watoto waambiwe mapema, hata kuhusu matunda yake mekundu yanayovutia.

Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa kasi mwaka 2016, vichaka vingi vimegeuka viwanja, na udongo wa vichuguu hutafutwa kwa matofali. Kichuguu kikibomolewa, tunguu huondoka nacho. Ukiliona ua hili, usiling'oe. Lipige picha tatu: tufe, chini ya bua, na mahali lilipoota. Hiyo ya tatu ndiyo watu husahau, na ndiyo mtaalamu atakayoiuliza kwanza.