Otomata za Kiishara na Suala la Ritifaa katika Matini za Kiswahili

Otomata si jambo geni kwa wanaisimu. Mwaka 1983 Kimmo Koskenniemi wa Chuo Kikuu cha Helsinki aliasisi mofolojia ya ngazi mbili, na mwaka 1992 Arvi Hurskainen wa chuo hicho hicho alichapisha maelezo ya namna mbinu hiyo inavyochanganua maneno ya Kiswahili. Otomata ni mashine ya kinadharia yenye idadi maalumu ya hali. Husoma matini alama moja baada ya nyingine, na kila alama huivusha kwa mpito hadi hali nyingine. Ikimaliza katika hali ya kukubali, neno limekubaliwa.

Nadharia ya awali ilichukulia kuwa alfabeti ni ndogo na kila alama ina mpito wake. Hata hivyo, kompyuta za leo husoma matini kwa mfumo wa Unicode, wenye nafasi 1,114,112 za alama. Otomata ya hali 10 tu, ikiandikwa kikamilifu, ingehitaji mipito 11,141,120. Alama zikiwa ni namba nzima, alfabeti haina kikomo, na jedwali haliandikiki kabisa.

Otomata za kiishara huweka sharti juu ya mpito badala ya alama: “ni irabu”, “si tarakimu”, “ni namba inayozidi 100”. Mwaka 2001 Gertjan van Noord na Dale Gerdemann waliliwasilisha wazo hili kwa ajili ya uchakataji wa lugha. Baadaye Margus Veanes, Loris D'Antoni na wenzao waliliendeleza, likatumika pia kuchunguza usalama wa programu za wavuti. Masharti hayana budi kuunganishika kwa “na”, “au” na “si”, na iwezekane kubaini kama ipo alama inayoyatimiza. Gharama ipo: masharti 10 yanayoingiliana yaweza kuigawa alfabeti katika mafungu 1,024.

Manufaa yake kwetu yanaonekana katika ritifaa. Alama hii huandikwa kwa misimbo tofauti ya Unicode, ikiwemo 0027, 2019 na 02BC. Programu inayoichukulia ritifaa kuwa mpaka wa neno huikata “ng'oa” ikabaki “ng” na “oa”. Kitenzi cha kung'oa kikahesabiwa kuwa cha kuoa, na takwimu za kongoo zikapotoka. Otomata ya kiishara huikusanya misimbo yote katika sharti moja: “ni ritifaa”. Lakini msimbo 2019 hutumika pia kufunga nukuu. Kwa hiyo sharti hufanya kazi pamoja na hali: baada ya “n” na “g”, ritifaa ikifuatwa na irabu ni sehemu ya neno.

Mbinu hii ina mipaka. Kila sharti hupima alama moja peke yake. Takriri kama “polepole” hutambulika iwapo shina limo katika orodha. Lakini kuthibitisha kuwa shina lolote, la urefu wowote, limerudiwa sawasawa kunahitaji kumbukumbu ambayo otomata hizi hazina.

Kwa kuhitimisha, mhandisi aweza kuiunda mashine, lakini hawezi kukisia kuwa ritifaa ya “ng'” ni sehemu ya herufi. Masharti hayo ni maarifa ya lugha, na wajibu wa kuyaeleza kwa usahihi ni wetu wanaisimu.