Pointi ya Umeme Ikigoma: Tulitafute Kosa, Tusilifiche



Pointi ni mahali reli moja inapogawanyika kuwa mbili. Zamani mwenzetu alizigeuza kwa kuvuta mkono wa chuma. Katika reli mpya za majirani zetu, ile ya Mombasa hadi Nairobi iliyoanza kuchukua abiria mwaka 2017 na ile ya Dar es Salaam hadi Dodoma ya mwaka 2024, kazi hiyo hufanywa na mota ya umeme. Kwa hiyo yafaa sote tuelewe mtambo huu unavyofanya kazi, na unavyoharibika.

Mtambo una kazi tatu. Kwanza hupokea amri kutoka chumba cha ishara. Pili, mota husukuma ndimi za reli hadi upande unaotakiwa, na kufuli huzibana. Tatu, swichi ndogo zilizomo ndani hupeleka habari kwamba ndimi zimefika na zimefungwa. Habari hiyo isipofika, ishara hubaki nyekundu.

Fundi anayeitwa afuate mpango huo huo. Kama mota haikuzunguka kabisa, atazame fyuzi, umeme unaoingia, rilei na kebo, na apime kwa mita badala ya kubahatisha. Kama mota inazunguka lakini ndimi hazifiki, mara nyingi umeme hauna kosa: kuna jiwe kati ya ulimi na reli, au mahali pa kutelezea pamekauka mafuta. Kubadilisha mota hapo ni kutupa fedha. Kama ndimi zimefika lakini chumba cha ishara hakipati habari, achunguze swichi za ndani, unyevu, kutu na nati zilizolegea. Kosa linalokuja na kuondoka ndilo gumu kuliko yote. Kwa kawaida ni waya uliolegea ambao hutikisika treni ikipita.

Kabla ya kutia mkono, njia ifungwe na umeme wa mota ukatwe. Ndimi zikijigeuza zinaweza kusaga vidole.

Sasa tufike kwenye jambo kubwa. Treni zinapochelewa na simu inalia, kishawishi huwa ni kuunganisha waya wa muda ili chumba cha ishara kipate habari, hata kama si ya kweli. Waya huo ni uongo, na dereva ataupokea kama ukweli.

Tarehe 15 Agosti 2017, katika stesheni ya Waterloo, London, treni ya abiria iliyokuwa ikiondoka iligonga treni ya kazi iliyosimama. Pointi haikuwa mahali pake, lakini nyaya zilizoongezwa wakati wa kazi, zisizoonyeshwa kwenye mchoro, zilificha kosa hilo. Kwa bahati hakuna aliyeumia.

Karibu na Clapham Junction, London hiyo hiyo, tarehe 12 Desemba 1988, bahati haikuwapo. Waya wa zamani uliachwa bila kukatwa wala kufungwa ncha yake. Uligusa mahali pasipo pake, ishara ikashindwa kuwa nyekundu, na watu 35 wakafa. Uchunguzi ulionyesha kwamba hakuna mtu wa pili aliyehesabu nyaya baada ya kazi, na kwamba fundi aliyeifanya alikuwa amepata siku moja tu ya mapumziko katika wiki 13.

Ndugu, hapo ndipo jambo la nyaya linapokuwa jambo la chama. Macho yaliyochoka hayaoni waya uliolegea. Ovataimu isiyo na mwisho huongeza mshahara wa mwezi, lakini hupunguza usalama wa abiria na wetu sisi.

Kwa hiyo kila tawi lidai mambo manne: michoro ya nyaya iliyo sahihi na iliyopo kazini, mtu wa pili wa kukagua kila kazi ya ishara, siku ya mapumziko kila wiki, na ulinzi kwa fundi anayekataa kuweka waya wa muda bila idhini ya maandishi. Fundi akisema, "Pointi hii bado haijawa salama," asiadhibiwe kwa kuchelewesha treni. Amefanya kazi yake.